Mlangilangi ukatwe kichwa mapema

Mhariri,

Makala yenu ya karibuni kuhusu miti ya harufu iliusifia mlangilangi, na sifa zile unazistahili. Ila mwandishi alimwacha msomaji nusu ya njia: panda mche, mwagilia, subiri. Atakayefuata hayo na kuishia hapo, baada ya miaka michache atakuwa na mti wa mita 10 na ushee, maua yote yako kileleni, na yeye yuko chini akiokota yaliyoanguka, ambayo yamekwisha kuwa kahawia na kuchacha. Wengi wakifika hapo hulaumu mbolea au udongo, na wapo wanaoung'oa wakisema haufai. Kilichokosekana ni msumeno katika mwaka wa pili. Mlangilangi ni mti wa kukatwa kichwa ungali mchanga, na ua lake lina rangi yake na saa yake ya kuchumwa. Asiyeyashika haya mawili atavuna kivuli tu.

Lakini kwanza mtu ahakikishe anachopanda ndicho. Mlangilangi wenyewe, Cananga odorata kwa jina la kitaalamu, ni wa ukoo mmoja na mstafeli na mtopetope. Asili yake ni Asia ya kusini-mashariki, kuanzia Malaysia, Indonesia na Ufilipino hadi kaskazini mwa Australia. Matawi yake hulegea na kuinamia chini, majani yamejipanga safu mbili kandokando ya kijitawi, na ua lina petali 6 nyembamba zilizojipinda. Kwenye vitalu huuzwa pia aina fupi, kichaka cha mita 1 hadi 2 chenye maua ya petali nyingi zilizojikunja. Huo unafaa kwa chungu na bustani ndogo, huchanua mapema sana, ila kwa kawaida hauzai mbegu, kwa hiyo huzalishwa kwa vipandikizi. Halafu kuna mmea wa kutambaa wenye ndoano kwenye vikonyo vya maua, Artabotrys hexapetalus, ambao wauzaji hupenda kuuita mlangilangi wa kutambaa. Ni wa ukoo huohuo na unanukia matunda yaliyoiva, lakini hautoi mafuta ya manukato ambayo mlangilangi hupandwa kwa ajili yake. Ukiona ndoano, umeuziwa mmea mwingine. Hata mti mrefu nao una namna mbili: ule wa Java, ambao mafuta yake huuzwa kwa jina la kananga na hutumika zaidi kwenye sabuni, na ule uliosambazwa Komoro, Mayotte na Nosy Be huko Madagaska, ambao ndio wenye mafuta ya thamani. Anayetaka kukeneka mafuta, yaani kuyatoa kwenye maua kwa mvuke, aulize mbegu imetoka kwa mti upi kabla hajalipa.

Mahali pa kuupanda si jambo la kuumiza kichwa. Unataka joto la wastani wa nyuzi 21 hadi 27, mvua ya milimita 1,500 hadi 2,000 kwa mwaka au maji ya kumwagilia yenye kufikia hapo, na udongo wenye kina. Udongo wa volkano na ule wa kichanga wenye rutuba huupenda sana. Unavumilia tindikali na hata chokaa kidogo. Maji yakituama siku nyingi kwenye mizizi, majani huanza kuwa manjano kuanzia chini na mti huoza polepole. Jua liwe la siku nzima. Kivulini utapata majani mazuri na maua ya kuhesabu. Upepo nao uangaliwe, kwa kuwa mbao zake ni laini na tawi hukatika kirahisi. Penye baridi kali usijaribu.

Mbegu zinataka subira. Chuma matunda yaliyokwisha kuwa meusi, yapondeponde kwenye maji, ondoa nyama yote siku hiyohiyo, kisha anika mbegu kivulini. Ni za kahawia, bapa, ngumu, zenye vijishimo. Wengi huzipanda papo hapo na kukata tamaa, kumbe mbegu iliyohifadhiwa miezi kadhaa pakavu huota vizuri kuliko iliyotoka kwenye tunda jana. Ziloweke usiku kucha katika maji ya uvuguvugu, kisha zizike kina cha sentimita 1 katika mchanganyiko wa mchanga na mboji nusu kwa nusu. Kuota kwake hakuna mpangilio: nyingine wiki ya nne, nyingine mwezi wa tatu, zote kutoka tunda moja. Kwa hiyo usimwage udongo wa kitalu kwa sababu mbegu chache tu zimechomoza.

Palipo na hasara kubwa kitaluni ni kwenye kiriba, yaani mfuko wa kuoteshea mche. Mzizi mkuu wa mlangilangi hushuka haraka kuliko shina linavyopanda. Katika kiriba cha sentimita 15 utagonga chini, utajizungusha, na mti huo hautakuja kusimama sawasawa. Ukiwa na miaka mitatu hulala kwa upepo mdogo tu. Tumia viriba vya kina cha sentimita 25 au zaidi, na uhamishie shambani mche ukiwa na kimo cha sentimita 25 hadi 30. Chana kiriba, usivute mche, udongo usimwagike. Mche ulioletwa mizizi mitupu, hata ukipewa bure, uache. Vipandikizi vya mti mrefu navyo mara nyingi hukataa kutoa mizizi, ndiyo maana hatuvipendekezi.

Shimo la sentimita 50 kila upande latosha. Udongo wa juu uchanganywe na ndoo moja ya samadi iliyooza kabisa. Nafasi iwe mita 6 kwa 6, yaani miti 277 kwa hekta. Anayeahidi kukata bila kukosa anaweza kusogeza hadi mita 4.5. Mpe mche kivuli cha makuti au matawi kwa wiki za mwanzo, weka matandazo lakini yakae kiganja kizima mbali na shina, na kiangazi cha kwanza umwagilie lita 10 hadi 20 mara mbili kwa wiki. Baada ya hapo mizizi itajitafutia yenyewe.

Sasa tuje kwenye msumeno.

Mti ukifikisha mita 2.5 au zaidi, jambo ambalo penye mvua nzuri hutokea mwaka wa pili, kata shina kuu likiwa na kimo cha mita 1.5 hadi 2, mwanzo wa msimu wa mvua. Kata mshazari ili maji yasituame kwenye kidonda, na ukate juu kidogo ya mahali tawi la pembeni linapotokea, si katikati ya pingili tupu. Kisiki kirefu kisicho na tawi hufa kikirudi chini, na uozo hushuka nacho ndani ya shina. Msumeno uwe mkali, panga hupasua.

Mti utajibu kwa hasira. Ndani ya wiki chache machipukizi yatasimama wima pale ulipokata, kila moja likitaka kuwa shina jipya. Yaondoe yote yangali laini, kwa mkono. Yakiachwa msimu mmoja unakuwa na mti mrefu tena, safari hii wenye vichwa vinne. Unayoyataka ni matawi ya pembeni, sita hadi manane, yaliyozunguka mti bila kupandana. Hayo ndiyo ya kuinamishwa: funga kamba laini karibu na ncha, vuta chini, funga kwenye kigingi, au ning'iniza jiwe. Usilazimishe tawi lifike chini siku moja, maana litachanika kwapani. Vuta kidogo, rudi baada ya wiki mbili, vuta tena. Kamba iwe na nafasi na ihamishwe kila miezi michache, la sivyo tawi hunenepa juu yake na kujinyonga.

Kwa nini kuinamisha, si kukata tu? Kwa sababu maua ya mlangilangi hayatoki kwenye ncha changa. Hutoka kwa vishada kwenye sehemu ya tawi iliyokomaa, mara nyingi pale ambapo majani yamekwisha kupukutika. Mtu anayeupunguza pande zote kama ua wa michongoma anaondoa kila msimu tawi ambalo lingechanua msimu ujao, kisha anashangaa mti una afya na hauna ua. Tawi lililoinamishwa hupunguza mbio za kwenda juu, hukomaa, na hutoa matumba urefu wake wote, tena pale mkono unapofika. Mashamba ya Komoro na Nosy Be yana miti ya namna hii: mifupi, yenye mafundo, imejikunja na kujinyonganyonga. Mgeni huiona akadhani ina ugonjwa. Si miti ya kupiga picha, ni miti ya kuchuma.

Kazi hii haiishi. Msimu wa mvua pita kila wiki nne hadi sita uondoe yanayosimama wima. Msimu wa kiangazi mti upumzishwe.

Mwenye mti uliokwisha kuwa mrefu hajachelewa, mradi chini bado yapo matawi yenye majani. Ashushe kwa hatua: mwanzo wa mvua hii akate sehemu ya juu, mvua ijayo ashuke tena. Mti mkubwa ukikatwa kwa mkupuo ukabaki gogo lisilo na jani hata moja huweza kuchipua, lakini kidonda kipana namna ile huoza kabla hakijafunga.

Mti uliotunzwa hivyo huanza kuchanua kati ya mwaka wa pili na wa tatu, na hufikia uzao wa kawaida kuanzia wa nne au wa tano: kilo 5 hadi 10 za maua kwa mwaka, zikitoka kwa awamu, si kwa siku moja. Mbolea nyingi yenye naitrojeni haisaidii. Huongeza majani na machipukizi ya kukata.

Kuhusu kuchuma, hapa ndipo hata wakulima wazoefu wanapogombana, na sisi tunasimama upande mmoja bila kusita. Ua likifunguka huwa la kijani na karibu halinukii. Linahitaji takriban siku 15 hadi 20 kukomaa. Limekomaa likiwa manjano kamili na, ukilifunua, ndani kwenye vitako vya petali kuna doa jekundu. Doa hilo ndilo shahidi, kwa kuwa manjano peke yake hudanganya, hasa ua likiwa limepigwa na jua. Likichumwa kijani mafuta ni machache na yananuka majani. Likiachwa mpaka ligeuke kahawia, mafuta huwa yamekwisha kupotea.

Saa nayo. Ua hili hunukia zaidi usiku, kwa ajili ya wadudu wanaolichavusha, na alfajiri bado limejaa. Jua likipanda harufu huruka nalo. Kwa hiyo uchumaji uanze kunapopambazuka na ukome saa tatu asubuhi. Kata kikonyo kwa kucha, usivute, kwani kwenye kishada hichohicho kuna matumba ya wiki ijayo. Weka kwenye kikapu kipana chenye matundu, yasilundikwe zaidi ya kiganja kwa kina. Mfuko wa plastiki ni adui: maua hupata joto yenyewe, ndani ya saa chache huwa meusi, na harufu hubadilika kuwa ya pombe. Yaliyochumwa yakiwa yameloa mvua huharibika haraka zaidi, basi yatandazwe kwanza kwenye kitambaa.

Kwa matumizi ya nyumbani hakuna haja ya mtambo wowote. Loweka maua kwenye mafuta ya nazi. Chukua gramu 100 za maua yaliyokomaa, tenganisha petali na vikonyo, zitandaze kivulini saa tatu hadi nne zinyauke. Kunyausha huku si urembo. Ua lina maji mengi, na maji ndiyo yanayochachusha mafuta. Zitie kwenye chupa pana, kavu kabisa, mimina nusu lita ya mafuta ya nazi mpaka zizame zote. Petali inayochungulia juu ya mafuta huota ukungu na kuambukiza chupa nzima. Funika kwa kitambaa, si kifuniko cha kubana, ili mvuke utoke. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo penye ubaridi weka chupa ndani ya sufuria ya maji ya uvuguvugu. Kisichoweza kuvumiliwa na mkono wako ni moto mno. Ukikaanga petali utapata mafuta yanayonukia mboga. Baada ya saa 24 hadi 48 chuja bila kukamua, tia petali mpya katika mafuta yaleyale, rudia mara tatu hadi tano. Mara moja haitoshi, na wanaolalamika kwamba mafuta yao hayanukii karibu wote waliishia hapo.

Mwishoni acha mafuta yatulie siku moja. Chini utaona tabaka la maji na vumbi la maua. Mimina ya juu taratibu na hilo la chini litupe, hata kama linaonekana zuri. Hifadhi kwenye chupa ya rangi, iliyojaa hadi shingoni, mbali na jua. Yakiwa na ukungukungu bado yana maji. Yapashe moto kidogo na kuyachuja tena. Yakinuka uchachu au kama rangi kuukuu ya ukutani, hayarekebishiki. Na ukiyapaka kwenye nywele kumbuka yanatia madoa. Karne ya 19 mafuta ya nywele yaliyopewa jina la bandari ya Makassar huko Indonesia yalipendwa sana Ulaya, mpaka watu wakaanza kutandika vitambaa kwenye migongo ya viti ili vichwa visiviharibu.

Kukeneka ni habari nyingine, na makala yenu iliipitia kama jambo la jikoni. Tuhesabu. Maua mabichi hutoa mafuta kiasi cha asilimia 2, yaani kilo 50 za maua kwa kilo 1 ya mafuta. Mwenye miti 10 anapata kilo 50 hadi 100 za maua kwa mwaka mzima, zikija kidogokidogo, nazo haziwezi kusubiriana kwa sababu ua halivumilii kulala. Hatapata siku hata moja ya kujaza mtambo wa maana. Ushauri wetu ni kwamba chini ya miti 200 mtu asinunue mtambo wake. Ajiunge na jirani au auze maua asubuhi ileile.

Anayekeneka ajue kwamba kazi si ya saa mbili. Mafuta hutoka kwa mafungu. La mwanzo kabisa, linaloitwa ekstra, hutoka katika saa moja au mbili za mwanzo, nalo ndilo linalotafutwa na watengeneza manukato; Chanel No. 5, iliyotoka mwaka 1921, ni moja ya manukato yaliyotumia langilangi. Hufuata mafungu yanayoitwa la kwanza, la pili na la tatu; hili la tatu harufu yake huelekea mbao, na huishia zaidi kwenye sabuni. Kumaliza yote huchukua saa 18, 20 au zaidi. Anayezima moto baada ya saa nne amepata mafuta bora na kutupa mengine. Anayechanganya yote pamoja bila kuyatenga ameharibu yale bora. Mafungu hutenganishwa kwa kupima uzito wa mafuta kwa ujazo wake, si kwa pua peke yake, maana baada ya saa tano pua ya mkenekaji imekwisha kuchoka.

Makosa ya mtambo ni machache na yanajirudia. Moto mkali mwanzoni husukuma povu na maua hadi kwenye mrija. Maji ya chini yakikauka maua huungua, na harufu ya kuungua haitoki tena. Maji ya kupozea yakiwa ya moto, harufu nyepesi ndiyo ya kwanza kutoroka hewani. Chuma chenye kutu huyatia mafuta weusi. Tumia shaba au chuma kisichoshika kutu. Mafuta ya fungu la mwanzo yana uzito unaokaribiana na wa maji, kwa hiyo yanajitenga polepole, usiharakishe kuyamwaga. Halafu kuna kuni. Saa 20 za moto kwa kila upishi mmoja ni mzigo mkubwa kwa msitu, na katika visiwa vya Komoro jambo hili limekuwa chanzo kimojawapo cha kukatwa miti. Mtambo uliofunikwa vizuri na jiko lililojengewa kuta hupunguza mzigo huo. Afadhali kuanza na jiko kabla ya chungu.

Neno kwa wanaonunua mafuta haya dukani na kuyapaka kama yalivyo: msifanye hivyo. Mafuta halisi ya langilangi yaliyokenekwa ni makali, na yanajulikana kuwasha ngozi za baadhi ya watu na kuzifanya zisiyavumilie tena kabisa. Matone 10 hadi 15 katika mililita 100 za mafuta ya nazi au mengine ya kupaka yanatosha. Jaribu kwanza ndani ya kiwiko, subiri siku moja au mbili. Yasinywewe, na wachanga wasipakwe. Chumbani pia yasizidi; harufu nyingi ya langilangi huleta kichwa kuuma na kichefuchefu, hata kwa wanaoipenda.

Masalia ya maua yaliyotoka mtamboni yasimwagwe shinani yangali ya moto. Yarundikwe pembeni, yageuzwe mara moja kwa wiki, na baada ya miezi miwili au mitatu yakiwa meusi na yanamomonyoka mkononi, yatandazwe chini ya miti ileile.

Wenu,
Wakulima wa mlangilangi